Baridi Isiyo na Kibali

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwa woga, la hasha. Ni kwa sababu kulitaja bila kujaza fomu ni kosa, na fomu zenyewe ziliisha mwaka juzi. Itoshe kusema kwamba ni nchi yenye amani, yenye mabango mengi ya shukrani, na yenye joto. Joto letu ni la kujivunia. Kuku akitaga mchana nawe ukachelewa kuliokota yai, unalikuta limeshachemka. Wageni hulalamika, lakini sisi wenyeji tumetangaziwa redioni kwamba tumezoea, basi tukazoea.

Serikali yetu haikulala. Ina Wizara ya Moto na Mambo Yawakayo, na ina Wizara ya Baridi na Mambo Yagandayo. Majengo yake yanatazamana, barabara moja katikati, na maofisa wa huku hawasalimiani na wa kule mpaka muda wa kazi uishe. Kila kitu nchini ni cha moto au ni cha baridi, kwa hiyo hakuna kinachokosa mwenyewe. Vuguvugu halitambuliwi kisheria. Ukikuta chai yako imekuwa vuguvugu, unashauriwa uirudishe jikoni au uiache ipoe kabisa, ili ijulikane iko chini ya wizara gani.

Juu ya wizara hizo mbili yupo Mheshimiwa Dakta Pandauka, Waziri Mratibu wa Hali Zote za Hewa. Na chini ya watu wote nipo mimi, Habakuki Ntimizi, karani wa Kamati ya Pamoja ya Moto na Baridi. Mwaka wa thelathini na moja huu naandika kumbukumbu za vikao, na sijawahi kuchomeka neno langu hata moja. Mheshimiwa akikohoa, naandika: "Kikohozi kilipitishwa kwa kauli moja."

Umeme pia tunao, tena haujawahi kukatika. Huwa unapumzika tu. Huko kwenye kilima cha Lugongoni ulikwenda mapumziko siku moja ya mvua za vuli, miaka mitatu iliyopita, na hadi habari hizi zinaanza ulikuwa bado haujachoka kupumzika.

*

Lugongoni kuna zahanati, na zahanati ile ina muuguzi mmoja, Nesi Zawena Kibindo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole ambayo watu huitii kabla hawajajua kwa nini. Alikuwa na friji ya umeme. Umeme ulipokwenda kupumzika, kuku wa jirani aliingia humo akaatamia, na alitotoa vifaranga kumi na mmoja bila hasara. Wizara ya Baridi ilikuja ikampiga picha yule kuku, ikaiweka kwenye ripoti ya mafanikio.

Lakini chanjo haziatamiwi. Chanjo inataka baridi ya kati ya nyuzi mbili na nane, usiku na mchana, ikizidi hapo inaharibika, na iliyoharibika kwa macho haina tofauti na nzima. Nesi Zawena aliandika barua za kuomba friji nyingine kwa miaka mitatu. Serikali ilizijibu zote, kwa kumpongeza kwa mwandiko mzuri.

Ndipo wafadhili fulani, watu wenye huruma lakini wasiojua taratibu, wakamletea friji ya gesi. Aliyeifunga ni Fundi Ngwasuma, ambaye ndiye anayefunga vyombo vyote vya kupoza hapa kwetu, vya wanyonge na vya wakubwa. Mtungi wa gesi ya propani uliwekwa nje ukutani, bomba likapita, na nyuma ya friji ukawashwa mwali wa bluu wenye ukubwa wa ukucha. Kesho yake ndani kulikuwa na barafu.

Nesi Zawena, kwa uungwana wake, akaiandikia serikali barua ya shukrani. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Serikali yetu ikishukuriwa kwa jambo isilolijua, hushtuka sana.

*

Jumatatu tukafika Lugongoni kukagua. Wizara ya Moto ilimleta Bwana Kwisamba, mtu mnene anayenusa kila chumba anachoingia. Wizara ya Baridi ilimleta Bwana Lufungulo, mwembamba, mwenye mafua ya kudumu. Mimi nilibeba daftari, utepe mwekundu na lakiri ya serikali.

Bwana Kwisamba aliinama nyuma ya friji, akauona ule mwali, akaruka nyuma hatua tatu.

"Nesi! Huu moto una kibali?"

"Ninacho cha jikoni, mzee."

"Cha jikoni ni cha kupikia. Hapa unapika nini?"

"Sipiki, baba. Napoza."

"Unapoza kwa moto?" Bwana Kwisamba alinigeukia. "Karani, andika. Mtuhumiwa anadai anapoza kwa moto."

Bwana Lufungulo naye alifungua mlango wa friji. Baridi ilimpiga usoni, akapiga chafya. "Nesi, na baridi hii imetoka wapi? Umeme huna. Kwenye rejesta yangu, baridi yote ya nchi inatokana na umeme. Hii haina baba wala mama."

Fundi Ngwasuma, aliyekuwa akikaza nati ukutani, alijaribu kuwasaidia. "Wazee wangu, si jambo gumu. Mmewahi kutoka kuoga mkasimama kwenye upepo kabla hamjajifuta? Si mnasikia baridi? Maji yanapokauka mwilini yanaondoka na joto lenu. Humu ndani ya mabomba kuna dawa. Moto unaichemsha, inakuwa mvuke, inapanda juu, inapoa, halafu inapita kwenye kisanduku na kukauka, ikiondoka na joto la humo. Kazi ya moto ni kuisukuma tu."

"Kwa hiyo moto unafanya kazi ya Wizara ya Baridi," alisema Bwana Lufungulo polepole.

"Bila uhamisho!" alidakia Bwana Kwisamba.

Kwa mara ya kwanza tangu uhuru, wizara mbili zikakubaliana. Mwali ulizimwa. Nilizungusha utepe mwekundu kwenye friji mara mbili, nikagonga lakiri. Kwa mujibu wa kanuni, lakiri hufunguliwa na mkono ulioigonga tu, kwa hiyo friji ile ikawa mikononi mwangu.

Nesi Zawena hakupiga kelele. Alikuwa amewahi kuzitoa chanjo, akazipanga kwenye kisanduku cha kubebea, katikati ya mabonge ya barafu, akachomeka kipimajoto. "Siku ya chanjo ni Jumamosi," alisema. "Kina mama wa vijiji vyote vya milimani wanateremka. Watoto mia mbili arobaini na mmoja. Surua imeshaingia ng'ambo ya mto. Barafu hii itanifikisha Alhamisi adhuhuri. Baada ya hapo nitakuwa nawachoma watoto wa watu maji matupu."

Aliniwekea mbele daftari la majina ili niandike idadi sawasawa. Namba themanini na tisa ilikuwa Tumaini, binti wa mwanangu, mwenye miezi tisa. Jambo hilo halina uhusiano wowote na yale niliyoyafanya baadaye. Nalitaja kwa ajili ya ukamilifu wa kumbukumbu.

*

Jumanne kamati ilikaa. Hukaa kwenye ofisi ya Mheshimiwa, ghorofa ya nne, kwa kuwa ndipo penye kiyoyozi kipya na jenereta ya kukitunza. Ni chumba cha heshima sana. Nje watu wanayeyuka, ndani Mheshimiwa anavaa sweta la sufu na skafu. Pembeni ana kijifriji cha kuwekea juisi. Madirisha hayafunguki, hayajawahi kuzinduliwa, na katika nchi yetu kitu kisichozinduliwa hakitumiki.

Mheshimiwa alisikiliza taarifa huku akijipuliza viganja.

"Ndugu wajumbe," alisema, "taifa hili lilijengwa juu ya nguzo mbili. Moto ni moto. Baridi ni baridi. Leo tukiruhusu moto kutengeneza baridi, kesho mtasikia maji yamekauka, keshokutwa mtasikia mwananchi anamuuliza waziri swali! Tutafika wapi?"

Wajumbe walipiga makofi, kwa sehemu kwa kuafiki na kwa sehemu ili kupata joto.

Waraka uliandikwa palepale, na ulikuwa wa sentensi moja: "Ni marufuku gesi yoyote iwezayo kuwaka kukaa, kulala, kupita au kujibanza ndani ya chombo chochote kinachopoza, popote nchini." Mheshimiwa aliusoma, akaona haujanona. Akachukua kalamu, akaongeza kwa mkono wake mwenyewe: "bila kujali cheo cha chombo hicho wala cha mwenye nacho." Kisha akaongeza tena: "Karani wa Kamati atahakikisha utekelezaji mara tu akionapo chombo cha namna hiyo."

Makofi yalikuwa marefu. Niliandika kwamba yalidumu dakika nne. Aidha, kamati ilijiteua kwenda ng'ambo miezi miwili, kwenye nchi ya theluji, kuichunguza baridi ikiwa kwao.

*

Jumatano nilipanda Lugongoni kupeleka waraka. Nesi Zawena alinipokea kwa heshima.

"Shikamoo, mzee Ntimizi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea habari mbaya, imepigwa chapa vizuri."

Alisoma huku akinitengenezea chai. Alitumia mtungi uleule wa gesi, uliokuwa umehamishiwa kwenye jiko, na sasa ulikuwa halali kabisa kwa sababu ulikuwa unachemsha. Kipimajoto cha kisanduku kilisoma sita. Barafu ilikuwa imebaki vibonge vidogo vinavyoogelea. Niliona aibu, nasema kweli.

Fundi Ngwasuma alikuwa pale mlangoni, amekuja kuchukua spana zake. Aliuchukua waraka akausoma mara mbili, midomo ikitembea. Alipofika kwenye "cheo cha chombo" alianza kutabasamu.

"Mzee Karani, kile kiyoyozi cha Mheshimiwa nilikifunga mimi, mwezi wa tatu. Na kile kijifriji cha juisi. Mmewahi kusoma kibandiko cha ubavuni?"

"Mimi husoma ninachoamriwa kusoma."

"Kina kipembetatu cha njano, ndani yake mwali wa moto. Kama kile kilichopo kwenye mtungi huu." Akaugonga mtungi wa Nesi kwa kidole. "Propani. Gesi ni ileile. Friji ya Nesi inaichoma kidogo ili ipate nguvu. Kiyoyozi cha Mheshimiwa hakiichomi, kinaizungusha tu ndani ya mabomba, inakauka na kurudi, inakauka na kurudi, inabeba joto la chumba na kulitupa nje. Ni kidogo, imefungwa vizuri, haina neno. Ndivyo vyombo vya kisasa vyote vilivyo."

"Inakaa humo?" niliuliza.

"Inakaa."

"Inapita?"

"Inapita na kulala, mzee. Na jenereta ikizimwa, inajibanza."

Nesi Zawena alifunika kisanduku chake, akaniangalia kwa yale macho ya upole.

"Mzee Ntimizi, wewe ni mtu wa kutii sheria?"

"Tangu nizaliwe, mwanangu."

"Basi nenda kaitii."

*

Alhamisi, saa mbili kamili asubuhi, nilibisha hodi ghorofa ya nne nikiwa na utepe mwekundu na lakiri. Mheshimiwa alikuwa anasoma hotuba yake mwenyewe, skafu shingoni.

"Karibu, Karani. Umekuja na kumbukumbu?"

"Nimekuja na utekelezaji, Mheshimiwa."

Nilipanda kwenye kiti, nikaona kipembetatu cha njano, nikazima kiyoyozi na kukizungushia utepe mara mbili. Nikagonga lakiri. Kisha nikapiga magoti mbele ya kijifriji cha juisi, nikakuta kipembetatu kingine, mdogo wake yule wa kwanza. Kabla ya kukifunga nilitoa trei nane za barafu, nikazimimina kwenye hotipoti yangu kubwa ya chakula cha mchana.

"Unafanya nini na barafu yangu?"

"Ni baridi iliyopatikana kinyume cha waraka, Mheshimiwa. Ni kielelezo. Lazima kihifadhiwe mahali salama hadi shauri liishe."

Alicheka. Alidhani ni mzaha, maana hakuwahi kuniona nikitekeleza kitu. Saa mbili na nusu alivua skafu. Saa tatu alivua sweta. Saa tatu na robo aliamuru dirisha lifunguliwe, akakumbushwa kwamba halijazinduliwa, akaamuru lizinduliwe, akaambiwa mkasi wa kukatia utepe uko safarini na Makamu wake. Saa nne maofisa wawili waliitwa mbio. Jua lilikuwa limeshaukalia ukuta wa kioo, na chumba kile kilikuwa kinatutokota kama maharage.

"Kwisamba!" Mheshimiwa alijipepea kwa ripoti ya kuku. "Toa lakiri hiyo!"

"Ningependa, Mheshimiwa. Lakini ni chombo cha baridi. Mimi ni wa Moto."

"Lufungulo!"

"Gesi yake inawaka, Mheshimiwa. Hilo ni la mwenzangu." Kisha Bwana Lufungulo alipata wazo. "Labda tuseme kuna gesi na gesi. Gesi ya Mheshimiwa imesoma."

Fundi Ngwasuma aliitwa kutoa ushahidi. Alisimama katikati ya zulia na ovaroli lake. "Wakubwa, ni gesi moja. Kwa Nesi inakoka moto, hapa inabeba joto. Ni kama ng'ombe mmoja anayelima shamba na kukamuliwa maziwa. Huwezi kumwambia wa jembe ni haramu na wa maziwa ni halali. Mkiifukuza moja mmeifukuza na nyingine."

"Karani," alisema Mheshimiwa kwa sauti ambayo ilikuwa imeanza kulainika, "tuurekebishe waraka. Tuondoe lile neno la cheo."

"Inawezekana kabisa, Mheshimiwa. Marekebisho husomwa mara tatu, kila mara baada ya wiki mbili. Yatakuwa tayari mwezi ujao."

"Na kuufuta?"

"Kuufuta ni sahihi moja tu. Lakini hukumu ya friji ya Lugongoni itafutika pamoja nao."

Ofisi nzima iliniangalia. Nilikazia macho daftari langu. Moyo ulinidunda kiasi kwamba niliogopa wasije wakausikia, wakauweka kwenye ajenda.

Mheshimiwa aliangalia kiyoyozi. Akaangalia dirisha. Tone la jasho lilitoka kwenye paji la uso wake, likasafiri hadi ncha ya pua, likaangukia waraka mahali hasa pa kutia sahihi. Saa nne na dakika arobaini akaufuta. Wino ulisambaa kwenye lile tone, na sahihi ile hadi leo ina umbo la kikaragosi mwenye kiu. Niliigonga muhuri hivyohivyo.

Nilifungua lakiri ya kiyoyozi kwa mkono wangu. Nilipofika mlangoni nilisikia Mheshimiwa akiuliza, "Na barafu yangu je?" lakini nilikuwa nimeshaanza kuwa mbali.

*

Bodaboda alinipandisha kilima kwa mwendo ambao siwezi kuuandika kwenye kumbukumbu. Hotipoti nilikuwa nimeikumbatia. Saa sita kasoro kumi niliingia zahanati. Nesi Zawena alikuwa amekaa chini kando ya kisanduku, akikipepea kwa jalada la faili, akitazama kipimajoto bila kupepesa.

"Saba na nusu," alisema. Hakusalimia.

"Nimeleta kielelezo cha serikali," nilisema. "Kinahitaji kuhifadhiwa mahali salama."

Alifungua hotipoti. Aliona barafu ya Mheshimiwa, iliyogandishwa kwa umbo la nyota kama ilivyo ya wakubwa. Hapo ndipo Nesi Zawena alipolia, mara moja, haraka, kama mtu anayepiga chafya, kisha akaanza kuzipanga zile nyota kuzunguka vichupa.

Nilivunja lakiri. Fundi, aliyefika nyuma yangu na bodaboda ya pili, aliurudisha mtungi ukutani, akakagua maungio kwa povu la sabuni, akawasha kiberiti. Mwali wa bluu ukasimama. Friji ya aina ile haina haraka, kwa hiyo tulikaa nayo alasiri yote, tukinywa maji na kusoma kipimajoto kwa zamu. Nyota za Mheshimiwa zilishikilia nyuzi tano mpaka jioni, na friji ikapokea zamu. Nasema bila haya kwamba nilifurahi. Miaka thelathini na moja, na ile ndiyo mara ya kwanza kuona kitu nilichokiandika kikitokea.

*

Jumamosi Mheshimiwa alikuja kuzindua. Barua ya mwaliko aliiandika mwenyewe na kujijibu mwenyewe kwamba amekubali. Alikuwa ametangaza saa tatu. Alifika saa saba, na lori la nyuma lilibeba jiwe la msingi. Friji haijengwi, lakini serikali yetu haijawahi kukiacha kitu bila jiwe. Liliwekwa mbele ya mlango wa friji, na maandishi yake yanasema kwamba moto na baridi viliunganishwa na Dakta Pandauka kwa maono yake. Nesi Zawena aliomba lisogezwe kidogo ili mlango ufunguke. Bwana Kwisamba na Bwana Lufungulo walilisukuma pamoja, bega kwa bega, na waliposhtukia kwamba wamesalimiana walikuwa wameshachelewa.

Nesi alikuwa ameanza kuchoma tangu alfajiri bila kusubiri uzinduzi. Mheshimiwa alipofika, yeye alikuwa amefika mtoto wa themanini na nne.

"Ndugu wananchi," alianza Mheshimiwa, "mimi binafsi siku zote niliamini kwamba moto..."

Namba themanini na tano alilia. Akafuatia themanini na sita, na wale waliotangulia wakakumbuka, wakaanza upya. Uwanja mzima wa zahanati ukawa kilio kimoja. Mheshimiwa alipandisha sauti. Watoto wakapandisha zaidi. Aliyasoma maono yake yote, ukurasa kwa ukurasa, na hakuna aliyesikia hata koma. Namba themanini na tisa, Tumaini wangu, alifungua kinywa chake chenye meno mawili na kuwashinda wote.

Mheshimiwa alishuka jukwaani akifuta jasho, akaniinamia sikioni. "Karani, umeandika nini hapo?"

Nilimwonyesha. Alisoma, akafurahi, akanipiga bega, na akaagiza yale maneno yachongwe chini ya jiwe. Yapo hadi leo, na ndiyo sentensi pekee ya kweli niliyowahi kuiandikia serikali:

"Wananchi mia mbili arobaini na mmoja walilia, na wote wakaenda nyumbani wakiwa salama."